Maneno Ishirini na Vizibo vya Soda

Hebu vuta picha ya benchi refu la mbao lililoegemezwa ukutani, kati ya meza ya fundi viatu na mlango wa saluni ya kunyoa. Mguu mmoja wa benchi ni mfupi na umewekewa soli tatu kuukuu chini yake, kwa hiyo anayekaa upande huo hujifunza mapema kutocheka kwa nguvu. Juu ya mlango wa saluni kuna kibao cha bati chenye maandishi meusi, na wote wanaokaa pale wamekipa mgongo kwa miaka mingi. Mbele ya benchi kuna kigoda, na juu ya kigoda kuna ubao wa drafti. Ni saa nane mchana, jua limehamia upande wa pili wa barabara, na birika la kahawa liko juu ya jiko la mkaa. Sasa waweke pale wanaume wanne na mtoto mmoja wa kike wa miaka sita, begi la shule mgongoni, nami nitakueleza yaliyotokea.

Fundi viatu mwenyewe anaitwa Gundi, maana vidole vyake havijawahi kukauka. Jirani yake ni Kinyozi, ambaye hata mkewe akimpigia simu humwita hivyo hivyo. Wa tatu ni Breki, dereva wa lori mstaafu, mwenye tabia ya kuinua kiganja na kusimamisha maongezi katikati ili aingize lake. Wa nne ni mwenye birika la kahawa, anayeitwa Redio kwa sababu hazimwi. Mtoto ni mjukuu wa Gundi. Mama yake anashona kiwandani mpaka jioni, kwa hiyo akitoka shule huja kukaa na babu. Babu anamwita Kisigino, kwani akigeuka tu, yupo nyuma yake.

Jambo lenyewe lilianza Ijumaa moja, Kisigino aliporudi na karatasi kutoka kwa mwalimu wake. Ilikuwa na maneno ishirini, yote madogo: na, ya, wa, ni, kwa, hapa, pale, sasa, lakini, pia, bado, na mengine ya ukoo huo. Mwalimu alieleza kwa mwandiko mzuri kwamba haya ndiyo maneno yanayojirudia karibu katika kila mstari wa kitabu cha mtoto, na mtoto akiyajua kwa kuyatazama tu, bila kuunga silabi moja moja, kusoma kunakuwa kwepesi. Baada ya wiki moja kutakuwa na jaribio la mazoezi. Jumatatu itakayofuata ndiyo siku ya jaribio lenyewe. Atakayesoma kumi na tano atahamia chumba cha pili. Ambaye hajafika atabaki chumba cha kwanza kwa muhula mmoja zaidi. Mwisho wa barua mwalimu aliomba wazazi wawafundishe watoto kwa michezo, wasiwalazimishe.

Kisigino aliongeza jambo ambalo halikuwa kwenye barua. Mwenzake wa dawati moja, yule wanayegawana naye kifutio, alikuwa tayari anajua kumi na tisa.

— Kwa hiyo yeye atahama, akasema.

— Na wewe utahama, akasema Gundi.

— Nikishindwa je?

Gundi akamwambia hakuna kushindwa, babu yake yupo. Jioni ile alimwambia bintiye aliache suala hilo mikononi mwake. Binti huyo hurudi kazini miguu imevimba, na hata hivyo kila siku humweka mwanawe mapajani na kumsomea kitabu kimoja chenye picha ya mbuzi. Alimtazama baba yake kidogo, akauliza kama ana uhakika. Gundi akasema anao.

Jumamosi asubuhi benchi zima liliketi kikao. Kila mmoja alikubali kwamba mchezo ndiyo njia, na kila mmoja alikuwa anaujua mchezo mmoja tu, yaani drafti. Kete zao ni vizibo vya soda, kumi na viwili vyekundu na kumi na viwili vya kijani, na vimetumika muda mrefu kiasi kwamba kila kimoja kina historia yake. Gundi akakata viduara ishirini vya karatasi, akaandika maneno, akavibandika tumboni mwa vizibo kwa gundi ile ya kushikia soli, ambayo ikishika imeshika. Vizibo vinne vilivyobaki vikabandikwa karatasi tupu. Sheria ikawa moja: anayetaka kula kete sharti aseme neno lililo tumboni mwake. Akikosea, kete inarudi. Akiangukia karatasi tupu, ananyamaza hadi zamu inayofuata. Hiyo ya kunyamaza Redio hakuiweza hata siku moja.

Nawe ungekuwepo ungefurahi. Siku mbili za kwanza Kisigino alikosea na kete zikarudi. Jumatatu akapata saba. Jumanne akapata kumi na sita. Jumatano alimfunga Breki michezo mitatu mfululizo, akisoma kila kete bila kusita, na wateja waliokuwa wakisubiri viatu wakaanza kuja kutazama. Kuna jambo moja lililowashangaza zaidi. Mara nyingi mtoto alilitaja neno kabla hajakigeuza kizibo.

— Umeona? akauliza Breki. — Amesema "sasa" kizibo kikiwa bado kimelala kifudifudi. Kakigeuza, kweli ni "sasa".

— Anasoma kwa kasi kuliko macho, akasema Kinyozi.

— Kuna kipindi nilisikia, akasema Redio, kwamba kuna watoto macho yao yanatangulia.

Walipiga makofi. Kisigino alisimama, akainamisha kichwa kidogo kama mtu aliyezoea, akaketi. Jioni ile Gundi alimwambia bintiye asihangaike tena na kitabu cha mbuzi, mtoto ameshavuka, apumzishe miguu. Binti akapumzisha miguu. Kesho yake kiwandani aliwaambia wenzake wote wa safu yake ya cherehani kwamba mwanawe anasoma.

Ijumaa, siku ya jaribio la mazoezi, Kisigino alirudi akitembea upande wa ukuta. Hakuvua begi. Babu yake alimuuliza amesoma mangapi, naye akaonyesha vidole viwili.

Gundi aliweka nyundo chini. Aliuliza kama ni mawili aliyokosa. Mtoto akatikisa kichwa. Ni mawili aliyopata.

Hapo ndipo kijiwe kilipoanza kufikiri.

Kinyozi ndiye aliyetangulia, naye alisema tatizo ni kiti. Shuleni mtoto anakaa chini, mwalimu yuko juu, maneno yanamfikia kwa mteremko. Jicho na neno lazima viwe usawa mmoja, kama anavyomweka mteja usawa wa kioo. Hakukuwa na sababu ya kubishana wakati kiti kipo. Walimpandisha Kisigino kwenye kiti cha saluni, kile cha kukanyaga pedali. Wakampandisha hadi mwisho wakamwonyesha vizibo: alisoma vyote ishirini. Wakamshusha hadi mwisho: akasoma vyote ishirini.

— Basi kiti si tatizo, akasema Gundi.

— Kiti changu si tatizo, akasema Kinyozi. — Changu kinapanda na kushuka. Kule shuleni wana cha namna hii?

Ilikubaliwa kwamba hawana.

Breki akainua kiganja. Alisema wanasahau uelekeo. Yeye ameendesha lori miaka thelathini na moja na anajua kwamba chombo kilichozoea kuegeshwa kuelekea upande mmoja hakipendi kugeuzwa. Benchi hili linatazama barabara. Darasa la Kisigino linatazama wapi? Mtoto alifikiri, akasema linatazama choo. Breki akawaangalia wenzake mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Basi wakainuka wote wanne, wakalishika benchi na kuligeuza, na wakakaa pua zao zikiwa shubiri moja kutoka ukutani, wakamwekea mtoto vizibo juu ya mapaja. Alisoma vyote ishirini. Mpita njia mmoja alisimama, akatazama safu ya migongo iliyokabili ukuta, akaendelea na safari yake.

Breki alisema jambo limethibitika. Hapa hata ukutani anasoma. Kwa hiyo kasoro ni ya ule ukuta wa shule.

Redio alikuwa amevumilia muda mrefu kuliko kawaida yake. Aliwamiminia kahawa, akawauliza wananusa nini. Walisema kahawa. Naye akawaambia jibu ndilo hilo. Mtoto huyu amejifunza kila neno huku ananusa kahawa, maneno yamekaa kichwani pamoja na harufu yake, na shuleni wanampa maneno makavu yasiyo na harufu. Alipendekeza kwamba Jumatatu aende na birika, asimame chini ya dirisha la darasa, alifunue kidogo kidogo.

Kwa hali ya kawaida Gundi angecheka. Lakini alikuwa amemwangalia mjukuu wake, ambaye sasa amekaa juu ya begi lake anachora chini kwa kijiti, na Jumatatu ilikuwa siku ya tatu kutoka hapo.

— Dirisha lenyewe linafungukia nje au ndani? akauliza.

— Nje, akasema Kisigino.

— Basi mvuke utagonga kioo.

Wakaanza kujadili mvuke. Kinyozi akaleta feni ndogo ya saluni kuona kama inaweza kuusukuma. Breki alikuwa tayari amehesabu kichwani hatua kutoka getini hadi darasani, na alisema lori dogo la kubeba birika lingepita.

Muda huo wote, kwenye ule upande wa benchi wenye mguu mfupi, alikuwa amekaa mama mmoja mwenye kikapu cha vitunguu. Alikuja kushonewa kiatu kilichokatika mkanda, akaambiwa asubiri kidogo, akasubiri. Wakati wa kugeuza benchi aliinuka akasaidia kushika ncha, kisha akakaa tena kutazama ukuta pamoja nao, maana kiatu chake kilikuwa bado mezani na mguu mmoja ulikuwa mtupu. Hakuna aliyemuuliza lolote. Sasa akakohoa.

— Samahani, kaka zangu. Mimi si wa hapa, nasubiri kiatu. Huyu mtoto ameshayasoma hayo maneno mahali pengine popote, nje ya hivyo vizibo?

Kinyozi alizima feni. Breki kiganja chake kilikuwa kimeshapanda, kikabaki pale pale juu bila kuwa na cha kusimamisha. Gundi aliangalia ubao wa drafti, kisha karatasi ya mwalimu, ambayo tangu Jumamosi ilikuwa imekunjwa chini ya kopo la misumari. Kwa wiki nzima hakuna aliyeifungua mbele ya mtoto.

Gundi alichukua kisu cha kukatia ngozi. Gundi ile ikishika imeshika, kwa hiyo ilimchukua muda kubandua viduara viwili bila kuvichana. Kile cha "lakini" akakihamishia kwenye kizibo cha "sasa", na cha "sasa" akakihamishia kwenye cha "lakini". Akamwita mjukuu wake, akamwekea kizibo kimoja kiganjani, tumbo juu, karatasi ya "sasa" inaonekana wazi.

— Hili neno gani, mama?

— Lakini, akasema Kisigino.

— Tazama vizuri karatasi.

— Nimetazama. Hiki ndicho "lakini", Babu. Kina kutu hapa pembeni.

Mtoto akadhani hawajaelewa, akaanza kuwafundisha. Aliwapangia vizibo mstari mmoja juu ya benchi. Hiki kilichobonyea ni "na". Hiki chenye alama ya jino ni "kwa", Babu Breki alikifungua kwa meno. Hiki kilichopauka ni "bado". Hiki kinanuka rangi ya viatu, hata ukifumba macho unakijua, ni "pia". Alivitaja vyote ishirini, na viwili vilivyobadilishwa akavitaja kwa kutu na mkwaruzo kama alivyokuwa akivitaja siku zote. Hakukosea kizibo hata kimoja. Alikuwa amejifunza kwa bidii kila kitu walichomwekea mbele yake, isipokuwa karatasi, ambayo kwake ilikuwa pambo.

Gundi akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. Akamweleza polepole kwamba neno ni ile michoro iliyo kwenye karatasi, na kwamba kizibo hakina neno. Akamwonyesha: hii michoro, popote itakapokwenda, inakwenda na jina lake.

Kisigino akavitazama vizibo vyake, kisha akamtazama babu yake.

— Kwa hiyo nilikuwa sisomi.

— Hukuwa unasoma.

— Sasa mlikuwa mnanipigia makofi ya nini?

Redio, ambaye hazimwi, akainama kupuliza mkaa uliokuwa unawaka vizuri tu.

Yule mama mwenye vitunguu ndiye aliyesema. Alisema amelea wanne, na wa pili alijua kusoma "sukari" kwenye mkebe wa sukari tu. Siku mama huyo alipoutia chumvi mkebe ule bila kufuta maandishi, mtoto akaionja, akamjia analia kwamba neno limeharibika.

— Ulifanyaje? Gundi akamuuliza.

— Nililitawanya. Nikaliandika ukutani, kwenye bahasha, kwenye vumbi. Kubwa, dogo, kwa mkaa, kwa kalamu. Mpaka akaona kitu pekee kisichobadilika ni neno lenyewe. Halafu, kaka, na kiatu changu.

Gundi alimshonea kiatu kile pande zote mbili, akashona na cha pili ambacho hakikuwa kimekatika.

Jioni alimweleza bintiye ukweli. Sitakueleza yote waliyosema. Binti akauliza safu nzima ya cherehani sasa ataiambia nini, kisha akavua viatu, akachukua kitabu cha mbuzi, akamwita mwanawe mapajani. Safari hii alipofika kwenye "na" alisimama, akamwachia mtoto alitafute kwa kidole.

Jumamosi ubao wa drafti ulikunjwa. Breki alichukua chaki ya kuchoria soli, akaandika maneno barabarani kwa herufi kubwa kama anazichorea lori, na Kisigino akawa anarukia neno linalotajwa, mguu mmoja au miwili, apendavyo. Kinyozi aliyaandika kwenye kioo kwa brashi na povu la kunyolea. Neno alilolisoma mtoto alilifuta kwa kiganja, na wateja walilazimika kusubiri kioo kisafike ndipo wajione. Redio alimpa magazeti ya zamani na penseli, akamwambia azungushie kila "ya" atakayoiona. Alizungushia nyingi hadi Redio mwenyewe akasema hakujua kwamba zinatumika kiasi hicho.

Gundi aliandika kwenye soli za viatu vilivyosubiri kutengenezwa, kila neno mara mbili. Akavipanga vyote chini, soli zikitazama ardhi, na mchezo ukawa kupindua viatu viwili na kutafuta vyenye neno moja. Kila baada ya mzunguko alifuta na kuandika upya, ili kiatu kisije kikajipatia jina. Mara moja tu alisahau. Mwalimu wa kwaya alikuja kuchukua viatu vyake, akakuta soli ya kushoto imeandikwa "sasa" na ya kulia imeandikwa "bado", akauliza kama ni vya kuchukua au vya kusubiri.

Haikwenda haraka kama ilivyokwenda kwa vizibo. Jumamosi jioni Kisigino alikuwa na manane. Alichanganya "hapa" na "pale", akamkasirikia Breki, akasema mwandiko wake umenenepa mno. Gundi hakumwambia ajitahidi. Alimwachia chaki, akamwambia sasa aandike yeye na wazee wasome. Breki alisoma "kama" mahali palipoandikwa "kwa", akaondolewa mchezoni, akakubali.

Jumapili mchana benchi lilikuwa limerudishwa kutazama barabara, na Redio alikuwa akimimina. Kisigino alikuwa anaruka katikati ya maneno ya chaki. Akatua kwa mguu mmoja, akabaki hivyo, uso umeinuka juu ya vichwa vyao. Walidhani ameona ndege.

— Hapa, akasema.

Breki akaangalia chini. Alikuwa amesimama juu ya "sana".

— Hiyo si "hapa", mjukuu.

— Si chini. Pale juu. Hapa. Kwa. Na. Halafu ile ya mwisho kabisa ni "pia".

Wakageuka wote. Kibao cha bati juu ya mlango wa saluni, ambacho hakuna aliyekifundisha wala aliyekikumbuka, kilikuwa kimeandikwa: *Kinyozi yupo hapa. Karibu kwa kunyoa na kuosha. Watoto pia.* Kinyozi alikisoma kibao chake mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, midomo ikicheza.

Hawakupiga makofi. Gundi alisogea, akashika bega la mjukuu wake.

— Umejuaje?

Mtoto alimshangaa.

— Yameandikwa, Babu.

Jumatatu kahawa iliisha kabla ya saa sita, kwa sababu Gundi, Kinyozi na Breki hawakuacha kunywa. Gundi alishona kiatu kimoja mara tatu. Yule mama wa vitunguu alipita njiani, akasema viatu vimekaa vizuri, akakaa kidogo upande wa mguu mfupi bila kueleza kwa nini. Saa nane Kisigino akatokea kwenye kona. Hakuwa upande wa ukuta. Alikuwa katikati ya njia, ameshikana mkono na mtoto mwingine mwenye kifutio kinachoning'inia shingoni kwa uzi.

Alimpa babu yake karatasi. Alikuwa amesoma kumi na saba. Wa chumba cha pili, mwalimu aliandika, na chini yake, kwa wino mwingine: *Anatafuta maneno hadi kwenye maandishi ya kanga yangu.*

Matatu aliyokosa yalikuwa "yule", "kama" na "wewe". Redio alisema kuna sababu kwa nini yawe hayo matatu na si mengine. Kinyozi alisema anadhani anaijua. Breki akainua kiganja. Redio akainamisha birika kwenye kikombe chake ili waanze vizuri, na halikutoa kitu.

Kisigino alikuwa ameshachukua chaki. Alimwonyesha mwenzake mahali pa kusimama, akaandika "yule" mlangoni, akaandika "yule" kwenye mguu wa kigoda, akaandika "yule" kwenye kiatu cha Breki huku Breki amekivaa.

Basi nakuomba ukumbuke jambo moja tu, mengine ukitaka yaache hapa hapa kijiweni. Ukimfundisha mtoto neno na akalijua, kabla hujapiga makofi, mwandikie tena mahali pengine.